Kwa Tume ya Makaburi ya Vita: Pongezi kutoka Magunga

Waheshimiwa wakuu wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola,

Huku Magunga, Suba Kusini, tunawapongeza kwa ahadi mliyoitoa tangu 1917 kwamba kila aliyekufa vitani ataandikwa jina, awe jenerali au kuruta. Bahati mbaya wino uliwaishia mlipofika kwa Kikosi cha Wapagazi (Carrier Corps) cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaume waliokusanywa Nyanza na kwingineko wabebe unga na risasi wakimfuata Mjerumani hadi kusini mwa Tanganyika walikufa zaidi ya 40,000 kutoka Kenya pekee, wengi kwa kuhara damu. Soko la Kariokor, Nairobi, limebaki na jina la kikosi. Wanakikosi wenyewe hawana. Sanamu ya mpagazi mmejenga, na maandishi yake yanaahidi kwamba wana watakumbuka majina ya baba zao, ila hakuna jina hata moja lililochongwa pale.

Mtasema orodha hazikuwepo. Ajabu, kwa sababu serikali ile ile ya kikoloni ilijua kila nyumba ya huku kwetu Gwassi siku ya kodi. Tena baada ya vita maofisa walibishana miaka mingi juu ya mishahara ya wapagazi ambayo haikuchukuliwa, na mshahara hauwezi kusalia bila mwenyewe kuandikwa mahali. Mtasema hawakuwa askari. Mpishi wa jeshi la Uingereza aliyefia Ufaransa naye hakuwa mstari wa mbele, lakini jiwe analo. Na Januari 2025 mlizindua Cape Town mnara wa vibarua Weusi wa vita hivyo wenye majina zaidi ya 1,700, kwa hiyo karatasi hupatikana mkizitafuta.

Linabaki lile dai la miaka ya 1920, ambalo ripoti yenu ya 2021 imelikiri: kwamba Mwafrika haelewi maana ya jiwe la kaburi. Kweli, wataalamu! Mjaluo asiyeuona mwili wa ndugu aliyefia ugenini huzika tunda la yago mahali pake, kisha mtoto akizaliwa humpa jina la marehemu. Watu wa namna hiyo ndio mliowaona hawana haja ya majina.

Basi anzeni na daftari za mishahara. Zikipatikana, nakala ya Gwassi iletwe kwa chifu. Habari ya pesa yenyewe, pamoja na riba ya miaka mia, tutawaandikia barua nyingine.