Kukaa Senta: Faida, Hasara na Rambirambi

Mtu wa kijijini anajulikana, mtu wa jijini anajulikana. Sisi wa senta kila mtu anatuita atakavyo. Nyakasimbi ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Kwa mtu wa Kariakoo huku ni shamba, tena shamba la mwisho kabla ya Rwanda. Kwa bibi anayeshuka mlimani na kapu la parachichi huku ni mjini: akifika tu kwenye maduka ya kwanza anabana kibunda chake kwapani na kuacha kusalimia ovyo. Tuna vinyozi wanaoshindana kwa spika, mafundi cherehani, wakala wa pesa za simu, na umeme ambao haujawahi kuaga. Kiangazi tuna vumbi, masika tuna tope, na hapo katikati kuna wiki chache ambazo viatu hubaki na rangi yake.

Mimi nina steshenari: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Kwa hiyo naitwa Steshenari, hata na mama watoto akiwa amekasirika. Jamaa zangu wa Dar es Salaam huniuliza, "Hivi huko mtu anaishije?" Nimeamua kuwajibu kwa utaratibu, faida na hasara, ingawa tatizo ni kwamba hapa vitu hivyo viwili havitengani. Kila faida niliyowahi kupokea ilikuja na hasara yake mfukoni.

Nianze na chakula, maana hapo hatuna mpinzani. Nyumba zetu ziko ndani ya kibanja, migomba inagusa dirisha, na chini yake kuna maharage, na juu yake kuna mvua za misimu miwili. Kufa njaa hapa kunahitaji juhudi. Hasara ni kwamba jamaa wa Dar wanalijua hilo. Mkungu ukishapita soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo umeshahukumiwa bei, basi wao wanaamini sisi huku tunanyoosha mkono tu. Hakuna anayesafiri kutoka hapa bila mkungu wa mtu. Mkungu unalipiwa nauli, unasafiri zaidi ya kilomita 1,000, unafika umeiva, na jioni napigiwa simu: "Tuliomba za kupika, umetutumia za kumenya." Hawajui habari za mnyauko. Mgomba mmoja ukianza kugeuka njano unang'oa shina zima, unapitisha panga motoni kabla halijagusa shina lingine, halafu unabaki unaliangalia shimo huku simu ikiita kutoka Tabata.

Usafiri nao umekuwa mzuri, hasa kwa wenye subira. Tangu iwekwe lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59 na kidogo, safari ya Bukoba si hadithi ya kuwasimulia wajukuu tena. Unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kazi iko kwenye mchomoko wa kutoka senta hadi Kayanga. Ni gari dogo lililotengenezwa kwa ajili ya watu watano ambao hawajawahi kufika Karagwe. Abiria wa mwisho hukaa kiti kimoja na dereva, naye dereva huendesha akiwa ameegemea mlango, shingo nje, gia ikiwa katikati ya magoti ya mama wa watu. Kila akibadilisha gia anasema, "Samahani mama." Tambarare ni safari ya heshima tu. Mlima ukianza, ni samahani mfululizo mpaka juu, na mama wa watu anaziitikia zote, "Bila samahani baba," bila kuacha kumenya chungwa. Faida ni kwamba nauli unaweza kukopa. Hasara ni kwamba deni lako linatangazwa kila kituo, ili wanaopanda njiani wasipitwe.

Ukiwa na steshenari utaujua pia ugumu wa kukaa mkoa ambao ramani yake haitulii. Baba yangu mdogo alizaliwa mkoa wa Ziwa Magharibi, wilaya ya Karagwe. Baada ya vita vya Amin mkoa ukaitwa Kagera. Mwaka 2012 Karagwe ikagawanywa na upande wake ukawa wilaya ya Kyerwa. Muda wote huo kitanda chake hakijahama hata shubiri moja. Siku moja, kwenye dirisha la ofisi ambayo siitaji, akaulizwa amehamia Kyerwa lini. Akajibu, "Mimi sikuhama, Kyerwa ndiyo iliyonihamia." Kijana wa dirishani akaandika: mhamiaji. Katika mkoa uliopitiwa na Operesheni Kimbunga, ule msako wa wahamiaji haramu wa mwaka 2013, hilo si jambo la kuachia kwenye fomu. Ilibidi waitwe mwenyekiti wa kitongoji na wazee wa rika lake waje kuthibitisha kwamba kitanda ni kilekile. Fotokopi za shughuli hiyo nilizitoa mimi, kwa mkopo. Mkopo huo umeungana na mingine ya wateja wanaosubiri kahawa. Wengine walishauza kahawa yao kwa butura ikiwa bado maua, kwa hiyo wanayoisubiri ni ya mtu mwingine.

Mpaka nao una mambo yake. Ukielekea Mto Kagera, simu yako inaweza kudaka minara ya Rwanda bila kukuuliza, na Rwanda wako nyuma yetu kwa saa nzima. Nilikwenda kikao cha harusi huko Kyerwa, nikapumzika chini ya mwembe nikijua nina muda, maana simu ilisema saa saba. Kikao kilikuwa saa nane, na saa nane ilishafika kwa mujibu wa jua, Serikali ya Muungano na tumbo langu. Niliingia nimechelewa saa nzima nikiwa na maelezo yangu kamili ya minara. Sikuyatumia. Alikuwepo katibu peke yake, anapanga viti. Wengine wote walikuja baada yangu, nao walichelewa kwa nguvu zao wenyewe, bila msaada wa Rwanda.

Ukarimu wetu hauhitaji kutangazwa, umeandikwa vitabuni. Mwaka 1861 John Hanning Speke na James Grant walifika Karagwe wakitafuta chanzo cha Mto Nile, wakapokewa vizuri na mfalme wetu, Omukama Rumanyika. Speke akaendelea na safari kwenda Buganda. Grant alikuwa na mguu mbovu, akabaki kwa mwenyeji miezi kadhaa. Tangu hapo sijaona mgeni aliyeondoka Karagwe siku aliyosema. Wangu wa mwisho alikuja kutoa fotokopi ya cheti. Umeme ukakatika, akalala kwetu, na akaondoka tulipomaliza kuvuna maharage.

Lakini faida kubwa kuliko zote ni kwamba hapa watu wanakujua. Hasara kubwa kuliko zote ni hiyohiyo, na ushahidi ninao.

Homa ilinikamata siku ya gulio. Nilikuwa natoa nakala ya cheti cha ubatizo nikaanza kutetemeka mpaka mteja akadhani ni mashine. Sijakaa sawa, bodaboda wa mbele ya duka alishanipakia mishikaki: yeye mbele, mimi katikati, nyuma kinyozi amenikumbatia kiunoni, mashine ya kunyolea bado iko mkononi. Zahanati walinitoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, nikapewa dawa mseto na kurudishwa nyumbani kwa usafiri uleule. Huku nyuma, mama wa duka la jirani alikuwa ameshafunga duka langu, akahesabu pesa za droo mbele ya mashahidi, akampelekea mama watoto zikiwa kwenye kikapu kimoja na uji. Sikuomba lolote kati ya hayo na sikulipia lolote.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema nimekufa. Habari ilianza safi: "Steshenari amebebwa." Ilipofika kwa muuza nyama ikawa amebebwa na hasemi. Ni kweli sikuwa nasema, meno yalikuwa yanagongana. Ilipofika njia panda ikawa Steshenari hasemi, duka lake limefungwa, na pesa zinahesabiwa mbele ya mashahidi. Hapo mwenye akili timamu anajumlisha mwenyewe.

Jioni nikiwa kitandani nikasikia viti vya plastiki vinashushwa uani. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kina viti, kina masufuria makubwa na kina sifa ya kuwahi. Mama watoto alipotoka alikuta wazee wanapima kwa hatua mahali pa turubai, na vijana wanabishana kuhusu mgomba gani ukatwe kupisha gari. Mweka hazina, mama mmoja makini asiyejua mzaha, alikuwa ameshafungua ukurasa mpya wa daftari, ameandika jina langu juu na kulipigia mstari kwa rula.

Nikatoka nimejifunga blanketi. Kimya. Bibi mmoja aliyekuwa ameanza kunyamaza akaanza kulia upya. Mweka hazina akanitazama mimi, akatazama daftari, akanitazama tena.

"Waitu Steshenari, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala, mama."

"Sasa hizi rambirambi tunafanyaje?"

Maana pesa zilishaanza kuingia kwenye simu yake, hadi kutoka kwa shemeji yangu wa Mwanza ambaye tangu nimkopeshe hajawahi kupokea simu yangu. Kwa kuwa akidi ilikuwa imetimia, suala likajadiliwa palepale. Katiba ya kikundi inasema mchango wa msiba ukishapokelewa haurudishwi. Haisemi kitu kuhusu marehemu mwenye pingamizi. Ikaamuliwa pesa zikae kwa jina langu, zisubiri. Kwa hiyo katika kata nzima mimi ndiye mtu pekee ambaye shughuli yake imeshalipiwa. Wakanywa chai, nami nikaombwa nirudi ndani nikalale kwa kuwa nilikuwa nawasumbua wafiwa.

Kisa hiki nilimsimulia binamu yangu aliyeko Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa, huko katikati ya Marekani. Naye anakaa mahali pa wastani: mji wa watu laki mbili na ushee, na ukitoka nje yake unakutana na mahindi mpaka macho yachoke, maana Iowa ndiyo inayoongoza Marekani kwa mahindi. Anausifu. Hauna kelele za Chicago, kodi ya nyumba inalipika, Wakongo na Warundi wa kuongea nao Kiswahili wapo, na kila unakokwenda ni dakika 20. Nikamwambia hata hapa kila unakokwenda ni dakika 20. Dereva wa mchomoko anasema hivyo tangu niko darasa la pili. Tukacheka, halafu akaniambia na yake. Januari moja mafua makali yalimlaza, theluji ikafunika gari lake mpaka vioo, likakaa hivyo siku kadhaa. Jirani wa mlango wa pili, ambaye hupungiana naye mkono kila asubuhi, alimwambia baadaye kwamba aliona gari halijachimbuliwa, ila hakutaka kumsumbua. Binamu aliyasimulia hayo kwa uchungu. Mimi nilimwuliza kama huyo jirani anaweza kupatikana kwa mkopo walau kwa wikiendi.

Mwisho akaomba aandikishwe kwenye kikundi chetu. Nikalipeleka ombi kikaoni. Mweka hazina akauliza Des Moines ni kata gani, nikamweleza, akasema haidhuru, masharti ni yaleyale. Kuna kiingilio. Kuna malimbikizo tangu kikundi kianzishwe. Na asiyehudhuria mazishi, asiyechota maji wala kupasua kuni, analipa faini kwa kila msiba, umbali si udhuru. Binamu akapiga hesabu. Alijumlisha faini, akazingatia umri wa wazee wetu, akalinganisha na nauli ya ndege, na akaniandikia kwamba kwa hali hiyo ni nafuu arudi kabisa.

Nikampelekea mweka hazina habari hizo njema. Hakuinua macho kutoka kwenye daftari.

"Mwambie akija aje na viti. Viwili vilivunjika kwenye msiba wako, na marehemu hajalipa."