Ukitoka Mishomoroni: Mitego Saba ya Njia za Ugenini

Mtu aliyezoea kupanda matatu ya Mishomoroni, hapa Mombasa, saa kumi na mbili asubuhi, mguu mmoja ndani, mwingine ukining'inia juu ya Daraja la Nyali, haogopi barabara ya nchi yoyote. Ushujaa huo nauheshimu. Lakini majirani zetu wanaondoka kila uchao kwenda Dubai, Muscat, Riyadh, Doha na London, na njia za huko zina mitego yake. Nimeipanga kuanzia mwepesi hadi mzito. Mwenye kubisha aje barazani, kahawa ipo.

7. Kitambulisho cha nyumbani
Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Tanzania, jirani wa ukuta kwa ukuta, haimo kwenye mpango huo. Ukishavuka Lunga Lunga ukafika Horohoro, utaulizwa pasi au hati ya muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Una shangazi Tanga? Mashallah, msalimie. Lakini hawezi kukugongea muhuri.

6. Pesa mkononi
Mabasi ya London yaliacha kupokea noti na sarafu Julai 2014. Dubai nako ni kadi ya Nol. Ule ugomvi wa chenji unaoanza Kongowea ukaisha Buxton, huko hauna pa kuanzia.

5. Achari ya embe
Treni za Dubai zinakwenda bila dereva tangu Septemba 2009, na ndani mnang'aa. Siri yake ni faini: kula, kunywa, hata kutafuna chingamu, dirhamu 100. Mwanamume akisimama kwenye behewa la wanawake na watoto, ni dirhamu 100 vilevile. Dirhamu moja ni zaidi ya shilingi 30 za Kenya. Fanya hesabu kabla hujafungua pakiti. Achari ya bei hiyo hata bibi hajawahi kuitengeneza.

4. Kukatiza barabara
Sisi tunavuka kwa macho na mkono: unamtazama dereva, unainua kiganja, anapunguza, unapita. Mkono huo haufanyi kazi Sheikh Zayed Road ya Dubai. Ni msururu wa njia, magari yanapita kama upepo, na ng'ambo ile unayoiona kwa macho huifikii ila upitie daraja la kituo cha treni. Ni mwendo mrefu, na Julai jua la huko linapita nyuzi 40. Tembea tu. Kuvukia pasiporuhusiwa kumekuwa na faini ya dirhamu 400, na sheria iliyoanza Machi 2025 imeongeza makali: kwenye barabara za kasi ya kilomita 80 kwa saa na zaidi, adhabu ni kifungo, au faini isiyopungua dirhamu 10,000, au vyote viwili. Pesa hizo zinanunua bodaboda, na salio la mafuta juu.

3. Shingo iliyozoea kulia
Huu ndio unaoua. Kenya, Tanzania na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hivyo shingo hutazama kulia kwanza kabla akili haijaamka. Oman, Saudia, Falme za Kiarabu, Qatar, Rwanda, Burundi na Kongo wote ni kulia. Unasimama ukingoni, unageuza uso kulia, peupe, unashusha mguu, na gari liko kwenye bega lako la kushoto. Basi nalo lina hila yake: mlango uko upande wa pili, na ukisubiri upande ule ambao nyumbani ungesubiria, utapelekwa ulikotoka. London wameandika chini, penye vivuko, wageni watazame kulia. Hapo tembea kifua mbele. Sisi tulifundishwa hayo njiani kwenda chuoni.

2. Hakuna wa kuuliza
Mishomoroni hatusomi ramani. Unamwambia makanga, "Nishushe pale msikitini," naye anakushusha, anakuonyesha na kichochoro, na mama wa viazi karai anamalizia. Ugenini kuna kioo, kitufe na watu wenye vidude masikioni. Nimewasikia wengi waliorudi wakisema baridi waliizoea, kimya hawakukizoea. Muscat ndiyo yenye nafuu: Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar, waliohamia baada ya mapinduzi ya 1964 na zaidi baada ya 1970, wangali wanazungumza Kiswahili. Ukipotea soko la Mutrah, lalamika kwa sauti. Huenda mzee akageuka akakuuliza wewe ni wa wapi.

1. Pasi iliyofungiwa kabatini
Mitego sita ya juu inamngoja aliye huru kutoka mlangoni. Wapo dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani Ghuba ambao pasi huchukuliwa na mwajiri siku ya kwanza, na kwao swali la basi linasimama wapi halipo tena. Kumzuilia mfanyakazi pasi ni kinyume cha sheria Saudia, Falme za Kiarabu na Qatar. Qatar iliondoa hata sharti la ruhusa ya mwajiri ili kutoka nchini, kwa wafanyakazi wengi 2018, na kwa wa majumbani Januari 2020. Sheria ipo, na kabati bado linafungwa. Hilo linaniuma kuliko faini zote za Dubai.

Basi dadangu, kabla ya kupanda ndege, piga picha pasi, viza na mkataba, umtumie mama na mtu mwingine mmoja asiyepoteza simu. Namba ya ubalozi wa Kenya iandike kwenye karatasi, maana simu nayo hunyang'anywa. Nanyi mnaobaki, akinyamaza wiki nzima msiseme ana kazi nyingi. Chukueni picha zile mwende Wizara ya Mashauri ya Kigeni, na kwa watetezi wa haki hapa Mombasa, siku hiyohiyo.