Mistari Miwili

Mavyaa ndiye aliyemwona nyoka kwanza, baada ya sala ya isha, alipoinua pakacha la nazi jikoni. Ukelele wake ulivuka ukuta. Kabla sijamaliza kuvaa kanzu, majirani wawili walishaingia, mmoja na panga, mwengine na mchi.

Alikuwa kajikunja nyuma ya gunia la mkaa: mwembamba, wa kahawia, hazidi urefu wa mkono. Tochi ya simu ikaonesha mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, mmoja ukipitia kwenye jicho. Nilimjua. Huyu hana sumu hata tone. Hutoka usiku kufuata panya na huwaua kwa kuwabana. Na panya, tangu masika ianze, walikuwa wametushinda.

"Mistari miwili! Huyo lazima auawe," akasema jirani mkubwa, mtu wa darsa. Alikuwa na hoja yake. Imo katika Bukhari hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba nyoka mwenye mistari miwili mgongoni hupofusha macho na kuharibu mimba. Shemeji yangu, mja mzito, alikuwa kasimama mlangoni.

"Wa majumbani wamekatazwa, baba," mavyaa akamjibu. Na yeye alikuwa na yake. Katika Sahihi Muslim, Abu Said al-Khudri anasimulia habari za kijana aliyeoa karibuni, akamkuta nyoka kitandani pake, akamchoma mkuki. Haikujulikana nani alitangulia kufa, kijana au nyoka. Ndipo ikaamrishwa wa nyumbani waonywe siku tatu kwanza.

Nikawaomba watazame: mistari iko kichwani, mgongoni hamna kitu. Jirani mkubwa akasogeza taa, akainama, akatazama sana. "Kichwani, kweli," akasema, akaliweka panga chini. Nilimheshimu mno mzee yule kwa hilo. Wengi huona haya kurudi nyuma mbele ya watu.

Mavyaa akamwonya: "Ewe kiumbe wa Mungu, toka kwa amani." Nikailaza ndoo tupu ya rangi, nikamsukuma polepole kwa fagio la chelewa. Aliliona giza la ndani, akaingia mwenyewe. Ningekuwa simjui, nisingemkaribia; Unguja ina wenye sumu kali pia, na hao ni wa kuachiwa mafundi.

Hatukumpeleka mbali, maana nyoka akitolewa kwenye eneo analolijua huhangaika, na pengine hufa. Tulimwachia kwenye vichaka karibu na magofu ya shule ambayo, miaka ya 1870, wamisionari wa UMCA waliwasomeshea wasichana waliokombolewa utumwani.

Asubuhi tukahamisha gunia. Chini yake pana tundu la panya, pana kama ngumi. Tukaliziba kwa saruji, na bomba la maji machafu tukalitia wavu. Mavyaa akaamuru mkaa ukae nje, juu ya matofali, kuanzia siku ile.