Namna ya kumtazama Kuhnert bila kulogwa na simba wake

Kwanza, mwache simba. Najua ni vigumu. Wilhelm Kuhnert, mchoraji Mjerumani (1865–1926), alimjua simba hasa, kuanzia manyoya mpaka ule uvivu wa mwenye nguvu. Michoro yake iliingia kwenye vitabu vya wanyama vya Brehm, na Wazungu wengi waliijua Afrika kupitia mkono wake. Lakini mtu wa Morogoro akianza na simba atamaliza na simba, na Mahenge, iliyo katika mkoa wake huohuo, itampita.

Kwa hiyo fungua mwaka 1905. Kuhnert alikuwa katika safari yake ya pili kwenye koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na Vita vya Maji Maji vikamkuta humo. Tarehe 30 Agosti, maelfu ya wapiganaji, Wapogoro na Wambunga, walilivamia boma la Mahenge lililokuwa chini ya Kapteni von Hassel. Ndani mlikuwa na bombomu. Wapiganaji walikuja na imani ya dawa ya maji ya kuzuia risasi, wakafyekwa. Kuhnert alichora picha ya vita hivyo. Iweke hiyo mezani, simba msogeze pembeni.

Sasa uliza kama mzee barazani. Aliyechora amesimama upande gani wa bombomu? Nani ana jina hapa? Kapteni ana jina na cheo mpaka leo. Waliolala uwanjani wanaitwa waasi, basi. Mtu aliyekuja kutetea shamba lake haitwi hivyo kwao, nawe usimwite hivyo.

Picha peke yake haitoshi. Tafuta shajara, michoro ya penseli na kitabu chake cha safari cha 1918. Mimi ningekaa zaidi kwenye shajara, kwa sababu picha kubwa hupata muda wa kupambwa Berlin, na maneno yaliyoandikwa jioni kambini hayajapata muda huo. Msake humo mpagazi, mpishi, mwonyesha njia. Kila jina utakalolipata liandike kwa herufi kubwa. Turubai, rangi na masanduku havikuvuka Mto Kilombero kwa miguu yake Kuhnert.

Kisha chukua nakala ya picha uende Mahenge. Toka Morogoro mjini, Milima ya Uluguru ukiiacha nyuma, pita Mikumi, Ifakara, Daraja la Magufuli. Ukifika toa shikamoo, onyesha picha, unyamaze. Ukianza kueleza wewe, wazee watakuitikia kwa adabu na hutapata kitu.

Usiwaulize wanaume tu. Mluguru, ambaye ukoo wake unapita kwa mama, hahitaji kufundishwa hili. Ndiyo maana wanafunzi wa Matombo na Kinole, kule Uluguru, wangefaa kuifanya kazi hii, huko Mahenge na kwa bibi zao pia, maana habari za enzi ya Mjerumani hazikuishia upande mmoja wa mkoa.

Michoro ya Kuhnert imewekwa Ulaya na Marekani, katika makumbusho na majumba ya watu. Mwaka 2018 Frankfurt ilimfanyia maonyesho makubwa. Sisi tunadai nakala: kila ukurasa na kila mchoro wa 1905, na tafsiri ya Kiswahili, uwekwe Mahenge na Morogoro mjini mahali ambapo mwanafunzi ataingia bila kuomba kibali. Mwalimu wa historia, andika barua ya kuomba. Ofisi za mkoa, igongeni muhuri muitume.