Nasaha kwa Waliokwama Ukurasani

Safu hii iliasisiwa ili kuwafariji wapenzi walioachana, warithi walionyimwa haki zao, na majirani waliogombania mpaka wa shamba, na kwa miezi kumi na mmoja ya mwaka hiyo ndiyo kazi yake. Lakini ifikapo Aprili, barua za mapenzi hupungua, na badala yake hunijia malalamiko ya watu ambao kwa hiari yao wenyewe, pasipo kushurutishwa na serikali wala mzazi, wamejifunga kuandika mswada mzima wa filamu, kurasa 100 kamili, kabla ya saa sita ya usiku wa tarehe 30.

Kwa faida ya msomaji ambaye balaa hili halijamfika, asili yake ni California, huko Marekani, ambako jamaa walewale waliokuwa wakiwahimiza walimwengu kuandika riwaya kila Novemba walianzisha mwaka 2007 shindano la pili, wakaliita Script Frenzy, nalo baadaye likatulia katika mwezi wa Aprili kwa sharti la kurasa 100 kwa siku 30. Halikuwa na kiingilio, halikuwa na waamuzi, halikuwa na tuzo. Lilikoma mwaka 2012, lakini desturi yake imebaki kama deni la marehemu, kwani hawakosekani marafiki wa kuirithi na kuahidiana, kisha katika juma la mwisho wakaniandikia mimi. Mhariri ameniahidi kuwapelekea wahusika majibu yao kwa simu kabla ya kuyachapa, la sivyo nasaha zangu zingewafikia Mei, wakati ambapo mtu hahitaji nasaha bali usingizi. Barua ni nne na kipande.

*"Mheshimiwa Mshauri, leo ni tarehe 24 na nina kurasa 31. Kurasa hizo ni nzuri mno. Kila asubuhi huzisoma tangu mwanzo na kuzisafisha, hasa tatu za kwanza, ambamo jua lazama baharini Tanga. Mke wangu aliposomewa alilia. Nifanyeje na kurasa 69 zilizobaki?" — Mpenda Machweo, Tanga*

Bwana wangu, kwanza tulimalize hilo jua. Bahari ya Tanga iko mashariki, na jua la huko, tangu lilipoumbwa, huchomoza baharini na kuzama upande wa milima ya Usambara. Hivyo mpiga picha wako atakapoielekeza kamera majini kwa taadhima uliyomwamuru, machweo yako yatakuwa nyuma ya mgongo wake. Sitaki kukisia mkeo alilia kwa sababu gani.

Pili, yafaa ujue, maadamu hukuambiwa, kwamba mafundi wa kazi hii hukadiria ukurasa mmoja wa mswada kuwa dakika moja ya filamu. Kwa hiyo umewaketisha gizani watu waliolipa nauli na kiingilio, ukawatazamisha jua kwa dakika tatu pasipo insi hata mmoja kufungua kinywa. Mswada wa filamu si diwani. Ni waraka wa kazi, unaosomwa na fundi wa taa apate kujua kama ni usiku au mchana, na mshoni apate kujua kama ni kanzu au suruali, na mhasibu apate kujua ni vinywa vingapi vitakavyolishwa siku hiyo. Na wote hao, ijapokuwa ni watu wenye hisia nyumbani kwao, hawana haja ya kuelezwa huzuni ya wingu. Adam Shafi, katika riwaya yake *Vuta N'kuvute*, alikuwa na wasaa wa kuingia moyoni mwa Yasmin na kutueleza dhiki ya binti aliyeozwa kwa mume mzee. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, iliyotoka mwaka 2021, wasaa huo hakuwa nao, kwa kuwa kamera haioni moyo: yaona uso, mkono, na mlango unaofungwa.

Tatu, na hili ndilo litakalokuuma, hizo kurasa 31 unazozisafisha kila asubuhi ndizo zinazokula asubuhi zako. Sylvester Stallone, kwa kauli yake mwenyewe, aliiandika rasimu ya kwanza ya *Rocky* kwa siku tatu na nusu hivi, na sehemu kubwa ya rasimu hiyo ikaja kutupwa na kuandikwa upya. Filamu yenyewe ikatoka mwaka 1976 na kutwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Angalia mpango wa mambo ulivyokwenda: alimaliza, kisha akatupa. Wewe unataka kutupa na kurudisha na kutupa tena kabla ya kumaliza, na mtu wa namna hiyo humkuta Ramadhani na Idi akiwa ukurasa wa 31.

Mkabidhi mkeo kurasa hizo azifungie kabatini, na ufunguo aufiche mahali usipopajua. Kuanzia leo utaandika kurasa kumi kila siku. Kila onyesho ulianze kwa mambo matatu tu, yaani ndani au nje, mahali gani, mchana au usiku, kisha waache watu waseme na watende. Ukifika mahali usipojua kinachofuata, andika "hapa wanagombana" na upite zako, hata kama hujui wanagombania nini, Mei utajua. Na likikujia wazo la kuandika machweo mengine, ondoka mezani ukanywe maji.

*"Bwana Mshauri, shikamoo. Niko ukurasa wa 58. Ijumaa yaanza harusi ya binti wa shangazi yangu, na kwetu harusi si siku moja: kuna kutia hina, kuna kukesha, kuna kupika, kuna nikahi, kuna kupamba. Nikikosekana jikoni nitasemwa mpaka kwa wajukuu. Nikienda, kurasa 42 zaniponyoka." — Mwenye Hina Kidoleni, Mombasa*

Marahaba, binti yangu. Nenda harusini, na uende mapema, kwa kuwa unachokikosa chumbani kwako kiko huko kimejaa pomoni.

Mwandishi anayejifungia kwa siku nyingi huanza kuwafanya wahusika wake wote waseme kwa sauti moja, yaani yake, na kila mmoja akaeleza kwa ufasaha na utulivu yale anayoyataka, jambo ambalo sijapata kuliona likifanywa na mtu aliye hai. Jikoni mwa harusi hakuna anayesema analolitaka. Shangazi asemapo "wali umeiva vyema mwaka huu," wanawake kumi walioinamia masufuria wafahamu kwamba amelaumu wali wa harusi iliyopita, na aliyeupika yupo, naye ajibu kwa kuuliza kama kuna chumvi zaidi. Hayo ndiyo majibizano ya filamu: neno laenda huku na maana yaenda kule. Aidha sijapata kusikia harusi ya Mombasa ambayo hapakuwa na bibi mmoja aliyenuna, na mnuno mmoja, ukitumiwa kwa uangalifu, ni kurasa sita.

Chukua kadi ndogo, za kutosha kufichika katika pindo la leso. Filamu ya kawaida ina maonyesho baina ya arubaini na sitini, nawe umeshayapita zaidi ya nusu, kwa hiyo kadi ishirini zakutosha. Juu ya kila kadi andika nani anataka nini na nani anamzuia. Hilo laweza kufanywa vitunguu vikingojea kugeuka rangi. Usiku, nyumba ikilala, kadi tatu zigeuze kurasa. Ila badilisha majina, na huyo shangazi umfanye mjomba, kwani filamu huonekana na watu wote, hata waliokusudiwa.

*"Assalaam aleikum. Nimefika ukurasa wa 71. Nimegundua kwamba nikiongeza ukubwa wa herufi kutoka 12 hadi 14, bila kuongeza neno, mswada wafika karibu kurasa 96. Na pambizo nikizipanua kidogo, mia imetimia. Shindano letu halina mwamuzi. Je, yajuzu?" — Mtafuta Rukhsa, Muscat*

Wa aleikum salaam, kijana wangu. Umeuliza kwa adabu ya mtu aliyekwisha kufanya.

Nimelipima shauri lako pande zote. Wizi hautimii illa pawepo mwenye mali, na hapa tuzo hakuna, ada hakuna, wala hakuna mshindani unayempokonya nafasi; kwa hiyo sikuona mlango wa kukuharamishia. Lakini sikuona vilevile faida ya kukuhalalishia, na sababu yake iko katika hizo herufi zenyewe. Waandishi wa filamu wameshikilia herufi ziitwazo Courier, ukubwa wa 12, zilizosanifiwa na Howard Kettler kwa ajili ya taipureta za kampuni ya IBM katika miaka ya 1950, na hawakuzishikilia kwa uzuri, maana uzuri hazina. Wamezishikilia kwa sababu kila herufi, iwe nyembamba au nene, hukaa katika nafasi iliyo sawa na ya mwenzake, kumi katika inchi moja, na hivyo ukurasa wa mtu wa Muscat waweza kulinganishwa na ukurasa wa mtu wa Los Angeles, na wote wawili wakakadiriwa kwa saa. Ukinenepesha herufi hukurefusha filamu. Ni filamu ya dakika 71 hata ukiiandika kwa herufi za ubao wa duka, na mtazamaji wa kwanza atakayetoka nje na kukuta bado ni mapema atalijua hilo.

Lakini ngoja nikuambie zilipopotelea kurasa zako, ijapokuwa sijauona mswada. Syd Field, Mmarekani aliyetoa mwaka 1979 kitabu mashuhuri juu ya ufundi huu, aliugawanya mswada wa kurasa 120 katika mafungu matatu: 30 za mwanzo, 60 za kati na 30 za mwisho. Wapo wanaokikariri kitabu chake kama msahafu, nami si mmoja wao, lakini katika hesabu hii alikuwa na haki: nusu ya filamu ni katikati yake. Vijana hupenda mwanzo, kwa kuwa ndipo kijana wao aingiapo mjini, na hupenda mwisho, kwa kuwa ndipo ashindapo. Katikati huivuka mbio. Tazama mswada wako. Naamini shujaa amelitaka jambo ukurasa wa 20 na kulipata ukurasa wa 60 kwa jaribio la kwanza. Mnyime. Ajaribu akashindwe kwa kosa la mwingine, kisha ajaribu tena akashindwe kwa kosa lake mwenyewe, na hili la pili lichukue muda mrefu zaidi, kwa sababu ndilo tunalokuja kulitazama. Huko kuna kurasa 29 za halali, kwa herufi 12.

*"Sisi ni wawili, twaandika pamoja. Mwenzangu ashikilia kuwa kumaliza mswada ni kupoteza wakati, kwani kazi zote tulizowahi kushiriki zilipigwa picha kwa kuelezana tu kando ya kamera. Tena atoa ushahidi wa Casablanca. Nani mwenye haki?" — Mshirika Aliyechoka, Dar es Salaam*

Mwenzako ana haki kuhusu *Casablanca* na hana kuhusu nafsi yake. Ni kweli kwamba filamu hiyo ilianza kupigwa Mei 1942 ilhali mswada haujatimia, na mwigizaji wake Ingrid Bergman alisimulia baadaye kwamba hakujua ni yupi kati ya wanaume wawili ambaye angeondoka naye. Lakini pacha Julius na Philip Epstein, pamoja na Howard Koch, waliokuja kupata Oscar kwa mswada huo, walikuwa na mshahara wa kampuni ya Warner Bros., na chini ya mikono yao ulikuwapo mchezo mzima wa jukwaani ulioandikwa na Murray Burnett na Joan Alison. Mwenzako anayo hadithi ya kusimulia kando ya kamera, na kamera yenyewe, ikiwa nimeielewa barua yako, ni ya kuazima.

Mpe yeye aandike mwisho. Mtu asiyeamini jambo hulihitimisha upesi.

*"Saa tano na nusu usiku, tarehe 30. Ukurasa wa 96. Wamalizie kwa kifo au ndoa? Kwa ufupi tafadhali. Majibu yako ni marefu mno." — Mwenye Haraka, Zanzibar*

Ndoa. Kifoni husema mmoja, harusini husema ukoo mzima, na wewe wadaiwa kurasa nne.