Namna ya Kuiacha Sukari Mtaa Mzima Ukajua

Hatua ya 1: Tangaza. Sukari haiachwi kimyakimya. Otesha stevia, ule mmea wa majani matamu, kwenye kopo la rangi hapo barazani, kisha kila apitaye umweleze kwamba asili yake ni Paraguay, na kwamba Waguarani, wenyeji wa huko, walikuwa wakikolezea vinywaji vyao zamani, kabla mtaalamu wa mimea Bertoni wa Uswisi hajauandika mmea huo kitaalamu mwaka 1899. Asiyeuliza ndiye wa kuelezwa kwa kirefu. Akiwa mtu wa Kericho, mwache apite. Kwao stevia na chai vyote hulimwa.

Hatua ya 2: Chuma mapema. Mmea ukishachanua, utamu wa majani hupungua. Yaanike, yaponde, uyafiche mbali na bakuli la sukari ili moyo usitamani.

Hatua ya 3: Dhibiti mkono. Ule unga mweupe wa stevia wa dukani, ukiwa safi, huishinda sukari kwa utamu mara 200 hadi 300, na mkono wako umezoea vijiko vinne. Anza na majani makavu mawili kwa kikombe. Ukizidisha, uchungu utakung'ang'ania ulimini kama mdai mlangoni. Usikunje uso. Sema, "Ni mazoea tu."

Hatua ya 4: Mjaribie mama mkwe. Ataonja, atatua kikombe taratibu, kisha atauliza, "Mwanangu, sukari imepanda tena?" Jibu: "Hapana mama, ni afya." Atakuombea dua, ila kikombe hakimalizi.

Hatua ya 5: Jilipe. Kwa kuwa chai yako haina sukari, una haki ya maandazi matatu. Hayo usiyatie stevia: hamira hula sukari, stevia haiili, na andazi lisilo na sukari halipati ile rangi ya kahawia inayoita watu. Sayansi yenyewe imeamua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee viongeza utamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, kudhibiti uzito. Wenye kisukari tayari hawakuhusishwa na ushauri huo; wao wana daktari wao. Wewe una maandazi yako.

Hatua ya 6: Punguza maandazi. Hatua hii haina maelezo, kwani hajatokea msomaji aliyeyaomba.