Sifa za Mheshimiwa Tenshena

Injini ya Datsun 240Z imekwisha kusifiwa vya kutosha. Silinda 6 kwenye mstari mmoja, lita 2.4, ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na tena mwaka 1973 Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Dereva alipata kombe, gari likapata jina, na hata matope yalipigwa picha. Tenshena, kile kidude kinachoisukuma cheni ya taimingi isilegee, hakuna aliyemtaja. Leo ni zamu yake.

Makazi yake ni gizani, nyuma ya kava la mbele, jirani na krenki. Mali yake yote ni kijipistoni, springi, na oili inayomsukuma mgongoni. Cheni ikirefuka kwa uzee, yeye husogea mbele kidogo bila kudai nyongeza ya mshahara. Siku injini inapochemsha, hedi ya alumini ikajipinda juu ya bloku ya chuma, gasketi ikaungua na maji yakaingia kwenye oili, yeye hana hatia hata chembe. Lakini fundi anakuja na spana, na anayeonewa ni yeye.

Hedi haitoki mpaka spoketi ya kamshafti ifunguliwe, na spoketi ikifunguliwa cheni hulegea. Mwingine angesema kazi imekwisha, akaketi. Tenshena hajui kuketi. Cheni ikirudi nyuma anaifuata, ikizidi kurudi anazidi kuifuata, hadi kijipistoni kinachomoka tunduni. Katika ofisi zetu za umma, ni wangapi wameipenda kazi hadi wakaanguka kutoka kwenye kiti?

Sasa ndipo ukarimu wake unapoonekana. Fundi aliyepatana bei ya gasketi tu atafungua rejeta, feni, pampu ya maji, puli ya krenki, distributa na pampu ya oili, alegeze na sampu, ndipo avue kava. Muuza spea anauza seti nzima. Mwenye gari anapata nafasi ya kujua nauli ya daladala imefika wapi. Nyumba kadhaa zinapika kwa ajili ya springi moja.

Maadui zake wamebuni kabari: kipande cha mbao, kinene juu na chembamba chini, kinachoshindiliwa katikati ya pande mbili za cheni kabla spoketi haijaguswa. Pistoni namba 1 inawekwa juu kabisa, cheni na spoketi zinatiwa alama ya rangi, na mheshimiwa anabaki amebanwa pale pale. Hedi inanyanyuliwa (ikiwa zile bolti mbili ndogo zinazoishikilia kwenye kava hazikusahauliwa, nazo zina sifa zao, siku nyingine), gasketi mpya inalazwa, spoketi inarudishwa kwenye alama. Kushindwa na ubao ambao haukupigwa hata randa! Kwa mtumishi wa hadhi yake, ni fedheha.

Ila hajasalimu amri. Kabari fupi, au iliyoshindiliwa kivivu, huteleza na kuzama kwenye shimo la cheni, na asipopatikana mwenye waya na bahati ya kuivua, safari ni ile ile: rejeta, feni, pampu, puli, sampu, kava. Ndiyo maana mafundi wazoefu huchonga kabari ndefu, wakaifunga kamba kichwani, na hata hivyo humkataza kijana wa spana kuegemea gari.